Nyumba Inauzwa Pamoja na Sinema Yake

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya uhamisho wa mke wangu imefika. Si muuguzi wa kawaida tena, ni mkuu wa wauguzi katika hospitali ya mji mwingine, na anatakiwa kuripoti tarehe mosi Aprili. Nimefurahi. Nimefurahi kweli. Kisha akasema basi nyumba iuzwe, na furaha ikapungua kidogo.

Dalali amefika saa nne asubuhi. Dada mmoja mkavu, futi ya kupimia mkononi, kalamu nyuma ya sikio. Sebule kaipenda. Jiko kalipenda. Tangi la maji kalisifu mpaka nikaona haya, utadhani nimelizaa mimi. Tukafika chumba cha tatu. Nikamwambia ajiandae. Nikafungua mlango na kuwasha zile taa ndogo za sakafuni.

Ukumbi wangu! Miaka minne ya jasho. Viti vinane katika safu mbili, kila safu na ngazi yake. Projekta darini. Spika sita, na ile kubwa ya besi ambayo wanaume wawili hawaiinui. Kuta nzima mahameli meusi, maana mimi ni muuza mapazia na mabaki ya mahameli sikununua.

Dalali akauliza dirisha liko wapi. Nikamweleza kwa subira: lipo, nyuma ya mahameli, nyuma ya sponji, nyuma ya mbao. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nikachungulia. Ameandika "stoo".

Stoo! Nusura nimeze ulimi.

Anasema watu wanatafuta vyumba vitatu vya kulala, si viwili na pango. Anasema chumba hiki kitafukuza wateja, nikirudishe kilivyokuwa. Nikamjibu kwamba sinema inapandisha thamani, hilo linajulikana. Akauliza linajulikana na nani. Swali la dharau!

Dalali alipoondoka mke wangu akanambia maneno machache tu. Kule tumeshapata nyumba, mwenyewe atatusubiri malipo mpaka mwisho wa mwezi. Hii ikiuzwa tunahama pamoja. Isipouzwa, yeye tarehe thelathini anapanda basi, na mimi nibaki kulinda sinema yangu.

Jioni nimemwona jirani wa ng'ambo ya barabara, yule tunayemwita Chokaa kwa sababu hupaka kila kitu chokaa mpaka mawe ya bustani, anagongomea kibao getini. Na yeye anauza! Nyumba zetu zilijengwa na mtu mmoja, kwa ramani moja. Tofauti ni kwamba yeye hana Ukumbi. Maskini ya Mungu.

Jumatano, 5 Machi

Sikulala vizuri. Nimeamka, nimekaa, nimesimama, nimezunguka meza. Tangazo la dalali limetoka: "Vyumba viwili, sebule, jiko, stoo." Hilo ni tangazo au orodha ya mazishi?

Nimeandika la kwangu na kulibandika kila ukuta unaoruhusiwa, na mmoja usioruhusiwa. "Sinema ya kisasa! Viti vinane! Giza la uhakika mchana kweupe! Na nyumba pia ipo."

Kufikia saa kumi simu imelia mara kumi na moja. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za jiko. Mmoja aliuliza Jumamosi tunaonyesha nini. Nikamwambia dalali, nikitamba. Akavuta pumzi ndefu, nadhani ya wivu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya wateja kuja kuona nyumba. Wamekuja kumi na tisa! Foleni mpaka getini. Nilimtupia jicho Chokaa: amepata wawili tu, mume na mke, mikono nyuma, wanatazama dari. Nikamwonea huruma kutoka moyoni.

Nikawaingiza wangu kwa zamu. Kwa zamu ilishindikana, wa kwanza waligoma kutoka. Wengine wakakaa kwenye ngazi, wengine sakafuni. Familia moja ilikuja na karanga zao na mto wa mtoto. Nikaweka picha ya kuchekesha. Walicheka! Mzee mmoja alicheka mpaka akaomba maji. Mwisho wakapiga makofi, nami nikainama kidogo, sijui kwa nini.

Kisha wakaondoka. Wote. Dalali alisimama mlangoni na karatasi zake za kujaza, wakampita kama nguzo ya umeme. Bafuni hakuingia mtu isipokuwa wenye haja. Mwanamume mmoja mwenye kofia alirudi mbio, nikamkimbilia na kalamu. Alitaka kujua sehemu ya pili ni kesho au Jumamosi ijayo.

Mke wangu amefagia maganda ya karanga. Nikamwambia umati wote ule si mchezo, ni dalili njema. Akaniuliza dalili ya nini.

Jumatatu, 10 Machi

Chokaa ameuza.

Narudia kuandika, maana mkono haukubali. Chokaa ameuza! Kwa wale wawili wa mikono nyuma. Alikuja mwenyewe kunijulisha, akijidai anaazima ngazi. Nikampa hongera, nikamuuliza siri ni nini. Akasema hakuna siri, jirani. Alifungua madirisha, akakaa kimya.

Alikaa kimya! Huo nao ni ufundi? Nimempa ngazi fupi.

Mke wangu amezipokea habari akiwa chumbani anapanga sare zake za kazi. Begi moja tu liko kitandani. Nikachungulia: nguo zake peke yake. Nikaenda jikoni, nikarudi, nikaenda tena.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata ufumbuzi! Dalali anataka chumba cha kulala, mimi nataka Ukumbi. Basi nimeingiza kitanda ndani ya Ukumbi. Nimetoa viti vya mbele nikavisukumia pembeni, kitanda kikakaa nusu juu ya ngazi, nusu chini. Kiliinama, lakini nilikisawazisha kwa kuweka chini ya miguu yake vile vitabu vinene vya sampuli za mapazia. Kimetulia. Kinatazama skrini. Nani ana chumba cha namna hiyo?

Saa nane dalali akaleta maharusi wapya, bado wanashikana mikono. Bibi harusi alitazama mahameli kwa mashaka. Bwana harusi macho yalimng'aa, mtu wangu! Nikamwambia ajaribu, akae, ajinyooshe. Akakaa. Akajinyoosha.

Kitanda kikaondoka. Hakikuanguka, kiliondoka. Sampuli za hariri zina utelezi ambao sikuufikiria. Kilishuka ngazi ya kwanza, kikashuka ya pili, na bwana harusi juu yake, ametoa macho, hasemi neno. Kikasimama kwenye spika ya besi.

Mke wangu, kwa bahati, ni muuguzi. Amemfunga kiwiko vizuri sana. Bibi harusi amecheka mpaka getini, na nje ya geti nimemsikia anaanza upya. Nyumba hawaitaki.

Alhamisi, 13 Machi

Leo amekuja mteja wa kweli. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, sauti ya upole lakini unajikuta umesimama wima. Ana watoto wawili, na mama yake mzazi amehamia kwake, kwa hiyo chumba cha tatu ni cha bibi. Amefungua mabomba yote. Amefungua kabati zote. Jiko limemkaa moyoni, nimeliona hilo, na mke wangu ameliona.

Tukafika Ukumbi. Mwalimu akasimama mlangoni, akauliza dirisha liko wapi. (Watu na dirisha!) Bibi, aliyekuja naye, ameshikilia mkono wa binti yake huyo, akachungulia gizani akasema yeye hajafikia kulala ndani ya sanduku, wakati huo ukifika watamjulisha.

Mwalimu alifikiri. Akasema Jumatatu atakuja na fundi mwashi wake aikague nyumba na amwambie kufungua dirisha ni kazi kiasi gani. Fundi akiridhika, ananunua.

Mke wangu ametabasamu. Ni mara ya kwanza tangu barua ije. Amenisukuma begani kidogo kama zamani, akasema unaona, mume wangu, watu wazima wanavyonunua nyumba. Nikatabasamu na mimi. Lakini moyoni nilikuwa nimeshatekwa na wazo. Anayekataa Ukumbi si mwalimu. Ni bibi. Na bibi hajaonyeshwa picha.

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu amenikalisha kitako. Kesho, kasema, usiguse kitu. Usieleze kitu. Usiwashe kitu. Utawakaribisha, utakaa, utatabasamu. Akanitaka niape. Nimeapa.

Nimezunguka nyumba mara saba. Nimefuta vumbi kwenye projekta, huko si kugusa. Kisha nimewaza: rimoti mtu anaishika, haigusi.

Jumatatu, 17 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tatu wamefika watatu: mwalimu, bibi, fundi. Fundi ni mtu wa maneno ya kuhesabu, nyundo ndogo mfukoni. Hatazami nyumba, anaisikiliza. Anaweka kiganja ukutani kama daktari, anafumba macho, anagonga, anasogea. Mwalimu anamfuata. Mke wangu anapika chai. Mimi nimekaa, natabasamu. Bibi naye amekaa, hana la kufanya, anatazama vidole vyake.

Sasa huo ni ukarimu? Kumwacha mgeni mzee ametulia tu? Nikamnong'oneza bibi kama angependa kupumzika kidogo mahali penye viti laini. Akasema viti vya hapa vinamuumiza kiuno. Unaona!

Nikamkalisha kiti cha kati. Nikaweka picha ya vita, yenye vifaru. Nilichagua hiyo kwa sababu ndiyo inayoonyesha uwezo wa besi. Nikaongeza sauti. Nikaongeza tena. Kifaru cha kwanza kilipotokeza, bibi akavaa miwani yake na kusogea mbele. Amekwisha huyu, nikajisemea. Nikaongeza mpaka mwisho.

Upande wa pili wa ukuta ule ule, fundi alikuwa ameweka kiganja.

Haya yanayofuata nimesimuliwa. Fundi aliondoa mkono, akautazama. Akaurudisha. Akamuuliza mke wangu kama malori hupita nyuma ya nyumba. Mke wangu akasema nyuma kuna kamba ya nguo tu. Glasi zikaanza kugongana kabatini. Picha ya harusi yetu ikaanguka. Lipu ikamwagika kidogo kwenye kona. Fundi, mtu ambaye hakimbii, akamshika mwalimu mkono akamtoa nje, akapiga kelele bibi atolewe haraka, msingi unatembea!

Nilitoka na rimoti mkononi, uso umechangamka, nikauliza wameionaje sauti.

Nikaeleza. Niliapa. Niliita vifaru vije kutoa ushahidi. Fundi akasema kazi hii ameifanya miaka thelathini, na wenye nyumba wamemwambia nyufa ni mapambo, wamemwambia unyevu ni ubaridi wa asili, lakini mtu wa kumwambia ukuta unatikiswa na kifaru, huyo ndiye wa kwanza. Mwalimu akaniaga kwa adabu, na adabu yake iliniuma kuliko matusi. Bibi peke yake aligoma kutoka. Alitaka kujua yule askari mdogo atafika kwao au hafiki. Wamemtoa kwa kumbembeleza.

Mke wangu akazima mitambo. Nilijua nitagombezwa, nikajiandaa. Hakunigombeza. Aliketi kwenye ngazi ya chini, pale kitanda kilipopita, sare ya kazi bado mwilini. Akasema kazi mpya haiogopi. Wagonjwa ni wagonjwa kila mahali. Anachoogopa ni kurudi jioni kwenye mji asiomjua mtu, anapakua chakula sahani moja, anakula anatazama ukuta. Akasema miaka minne amesikia mimi na Ukumbi wangu, na hajawahi kuniuliza ninaujenga kwa ajili ya nani. Kisha akauliza.

Sikuwa na jibu. Mimi, mwenye jibu la kila kitu. Niliumia hasa, hapa kifuani, na si kwa sababu ya mteja.

Jumanne, 18 Machi

Nimevunja.

Nilianza alfajiri peke yangu, nyundo na koleo. Mahameli kwanza, kisha sponji, vumbi mpaka masikioni. Misumari mia na zaidi, na kila msumari nakumbuka nilivyoupigilia. Machozi yalinitoka. Nimesema ni vumbi, ingawa hakukuwa na mtu wa kumwambia. Mbao za dirisha ziligoma, nikaziwekea mguu, tukaanguka pamoja.

Mwanga ukaingia. Chumba kidogo kumbe! Nilidhani ni kikubwa. Nje ya dirisha kamba ya nguo, na mke wangu anaanika sare, kibanio mdomoni. Akageuka, akaniona nimesimama kwenye dirisha ambalo kwa miaka minne lilikuwa ubao. Akabaki vile vile na kibanio chake. Nikampungia mkono. Naye akanipungia soksi.

Mchana nikaenda kwa miguu mpaka mahali fundi anapojenga. Nikamwomba arudi aweke mkono ukutani mara moja tu. Akaendelea kuchanganya saruji. Nikamsaidia kuchota mchanga saa nzima, nikamharibia rundo moja, akakubali upesi ili niondoke. Ila kwa sharti: siku hiyo mimi nitasimama mbele yake, mikono yote miwili aione.

Alhamisi, 20 Machi

Nilisimama katikati ya sebule, mikono juu, kama nimekamatwa. Mwalimu ananitazama. Dalali ananitazama, na nadhani alifurahi. Fundi akaweka kiganja. Kimya. Akafumba macho. Nikaogopa hata kukohoa. Dakika nzima! Akasogea, akagonga, akasogea, akagonga.

Akasema ukuta umetulia. Kisha akacheka, mara ya kwanza, akasema kama nyumba hii imepitiwa na vita vizima ikamwaga lipu kiganja kimoja, basi aliyeijenga alikuwa anajua kazi. Mwalimu asinunue nyingine.

Bibi aliingia chumba cha tatu, akasimama dirishani muda mrefu, akasema hapa ataweka kitanda, na hapa kiti. Mwalimu ametia saini. Mke wangu alinikumbatia mbele ya dalali, mbele ya fundi, mbele ya watu! Kabla ya kuondoka bibi alinivuta kando na kuniuliza kwa sauti ya chini kuhusu askari. Nikamwambia alifika kwao, mama yake alikuwa mlangoni. Picha yenyewe sijawahi kuimaliza, kila mara nalala katikati. Lakini bibi aliondoka ameridhika.

Begi kitandani limekuwa mawili. La pili lina mashati yangu. Ameyakunja yeye mwenyewe.

Jumanne, 1 Aprili

Tumehamia tangu juzi. Jana jioni tumekula pamoja juu ya kasha la vyombo, sahani mbili. Alizitazama zile sahani akacheka peke yake. Sijaona raha kama ile siku nyingi. Leo asubuhi ameondoka kwenda kuripoti, amevaa sare mpya, nimemsindikiza mpaka kona. Amenambia nipumzike. Nisifanye lolote.

Nimejaribu. Nimekaa, nimesimama, nimekagua makufuli.

Nimetafakari sana yaliyotokea, na mtu mwenye akili hujifunza. Makosa yangu nimeyaona, ni mawili. La kwanza, chumba kilikuwa na dirisha. Chumba chenye dirisha watu watalidai dirisha lao, huo ndio ukweli. La pili, viti vinane vilikuwa vingi. Mke wangu aliniuliza ninajenga kwa ajili ya nani, swali zuri sana, na sasa jibu ninalo: kwa ajili yake na mimi. Viti viwili tu, asikae peke yake jioni hata moja.

Na nyumba hii, sijui kwa nini hakuna aliyeisifia hilo, ina bafu lisilo na dirisha hata kidogo. Giza totoro! Vigae vyake vinarudisha sauti vizuri ajabu, nimepiga makofi kupima. Viti viwili vinaenea, ukiondoa sinki.

Sinki nimeshaling'oa. Mke wangu anarudi saa kumi. Bomba likikubali kuziba, maji yaliyotapakaa mpaka sebuleni yatakuwa yamekauka.